Sataranji Baada ya Skuli



Mama mmoja wa mtaa wetu, ambaye binti yake wa miaka kumi hubaki skuli kila Alhamisi kucheza sataranji, ametuletea suala. Shemeji yake amemwambia kuwa mchezo huo ni haramu na mtoto atolewe mara moja. Mama hataki kumuasi Mola wake. Wala hapendi kumvunja moyo mtoto ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, tangu aingie katika klabu ile ameacha kung'ang'ania simu. Kwa kuwa sisi ni miongoni mwa wanaoisimamia klabu hiyo, tumeona jawabu tulitoe hapa, na wengine wenye shaka hiyo hiyo wapate kulisoma.

Shemeji hakuzua. Wanavyuoni wengi wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali wameukataza mchezo huu, na anayefuata kauli yao hana lawama. Lakini sisi watu wa mwambao, wengi wetu ni wafuasi wa Imamu Shafi, na Imamu Nawawi katika Minhaj amepambanua baina ya michezo miwili: nardi, ichezwayo kwa dadu, ni haramu, sataranji ni makuruhu. Pakiwekwa mali na pande zote mbili, hapo imekuwa kamari, na kamari haina mjadala. Sababu ya kupambanua ni kwamba nardi hungojea dadu litakavyoanguka, na sataranji hutegemea fikra za mchezaji. Wakaongeza wanavyuoni wetu: isimpoteze mtu na sala, wala isitoe maneno machafu kinywani.

Basi, mama, mwanao halazimiki kutolewa. Ila una haki ya kutuuliza sisi wasimamizi klabu inaendeshwaje, kwani masharti yale hayatimizwi na ubao. Hutimizwa na watu.

Saa ndiyo iliyotushughulisha zaidi. Watoto wetu wana skuli mbili: wakitoka ile ya asubuhi, huingia chuoni. Klabu inayokula saa za chuo hatungeiunga mkono hata siku moja. Tumechagua Alhamisi kwa kuwa chuo chetu hufungwa siku hiyo. Skuli ikimalizika, watoto husali alasiri kwa jamaa, kisha ndipo mbao zinapotandazwa. Saa kumi na moja u nusu kete huhesabiwa na kurudishwa mkobani, zote 32 kwa kila ubao, na kila mtoto awe kwao kabla ya magharibi. Ama mali, hakuna. Tuliwahi kualikwa kwenye mashindano ambayo kila mtoto angetoa shilingi mia, na mshindi akabidhiwe chungu chote. Hatukwenda.

Mzazi mwingine alichukizwa na msalaba ulio juu ya kichwa cha mfalme, na kete inayoitwa askofu. Msalaba wa plastiki hukatika kwa kisu kidogo. Ama askofu, tuliwaeleza watoto kwamba mchezo huu ulitoka Bara Hindi, ukapita Uajemi, kisha ukafika kwa Waarabu, na kwao kete hiyo ilikuwa al-fil, yaani ndovu. Wahispania mpaka leo huiita alfil. Malkia naye hakuwako: palikuwa na firzani, waziri wa mfalme, mwendo wake hatua moja tu ya mshazari. Nguvu alizonazo leo alizipata Ulaya, mwishoni mwa karne ya 15. Watoto waliposikia hayo, wenyewe wakaanza kusema "ndovu". Mwalimu wa skuli huwakumbusha kuwa wakienda kucheza kwingine hawataeleweka.

Wanaotaka kuanzisha klabu kama hii watuazime sikio kidogo. Kosa la wengi ni kumwonyesha mtoto wa gredi ya pili kete zote sita siku ya kwanza. Atazichanganya na hatarudi. Sisi huanza na askari peke yao, wanane kwa wanane. Atakayemfikisha askari wake mwisho wa ubao ndiye mshindi. Huo peke yake hutosha Alhamisi mbili. Kisha farasi, kwa kuwa huruka na watoto humpenda. Mfalme huja baadaye, na kumfunga mfalme baada ya hapo. Ubao uwekwe hivi kwamba kila mchezaji awe na mraba mweupe kwenye pembe ya mkono wake wa kulia. Hata watu wazima huikosea hii.

Kanuni tunayoishikilia kuliko zote ni ya kugusa: ukiigusa kete yako, uisogeze hiyo. Inamfunza mtoto kuufunga mkono mpaka akili imalize kazi yake. Na watazamaji wanyamaze. Hili ni gumu kwa watoto wa kwetu, waliokulia pembeni mwa baraza la bao, mahali ambapo kila anayepita ana rai ya kete ya kucheza na kejeli ya kumtupia aliyelemewa.

Jambo jingine mama zetu walijue: katika mchezo huu hakuna wa kumlaumu. Hakuna refa, wala uwanja mbaya, wala mwenzako aliyekosa bao. Aliyeshindwa ameshindwa yeye, na baadhi ya watoto hulia. Wanapofika nyumbani, swali la kwanza lisiwe "umeshinda?" Mwambie akuonyeshe mahali mchezo ulipomgeukia. Akiweza kukuonyesha, Alhamisi yake haikupotea.

Tusiahidi, hata hivyo, kuwa sataranji itampandisha mtoto alama za hesabu. Waingereza walilipima jambo hili katika skuli 100, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuonyesha kuwa waliofunzwa sataranji waliwapita wenzao katika hesabu mwaka mmoja baadaye. Faida tuiseme kwa kadiri yake: mtoto anakaa, anafikiri, anampa mkono aliyemshinda.

Linalotutia uchungu ni jingine. Wasichana walianza tisa, wamebaki watatu. Wavulana hawajapungua. Hatujapata kuletewa suala la hukumu juu ya mvulana aliyechelewa uwanjani kwa ajili ya mpira. Msichana akichelewa kwa ajili ya kufikiri, shaka zote huamka. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alikuwa mtoto wa kimaskini asiye na baba, muuza mahindi, na kwenye sataranji alimfuata kaka yake, mahali watoto walipogaiwa uji. Akaja kuiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia. Hatusemi kila binti yetu awe hivyo. Ila binti mwenye akili ya aina hiyo huenda yuko nyumbani kwako Alhamisi hii, anaosha vyombo ambavyo kaka yake angeweza kuviosha.

Wazazi waliowatoa mabinti, tulipowauliza, wengi hawakutaja hukumu. Walitaja njia ya kurudi nyumbani jioni. Hofu hiyo ina haki yake, na dawa yake ni nyepesi. Tunatafuta mama wawili au watatu wa kupokezana, waje saa kumi na moja na robo, wawakusanye wasichana na kuwafikisha majumbani kabla ya adhana. Aliye tayari ampelekee jina lake mwalimu wa skuli kabla ya Jumatano.