Sheria ya Simba Ifike Zizini

Mwaka 2009 mahakama ya Arizona, Marekani, iliamua kwamba serikali ilikosea kukataa kuandika mpango wa kumrejesha jagwa, paka mkubwa wa mwituni aliyekaribia kutoweka nchini humo. Walioshitaki walikuwa mashirika ya uhifadhi, yakiitegemea sheria ya mwaka 1973 ya viumbe walio hatarini. Mpango wenyewe ulikamilika mwaka 2018.

Hapa kwetu mpango haukuhitaji kesi. Mwaka huohuo wa 2009 Bunge lilitunga Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5, na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori ikatoa mpango wa taifa wa kuwahifadhi wanyama walao nyama, wakiwamo simba, chui na duma.

Uzito wa maandishi hayo waujua watu wa Singida. Kusini mwa mkoa, upande wa Itigi na Manyoni, liko Pori la Akiba la Rungwa, na simba wake hawajui mpaka wa pori na zizi. Tena kwa Wabarabaig, kijana aliyeua simba alihesabiwa shujaa, akazawadiwa ng'ombe na jamaa zake. Desturi hiyo haikuzuka bure. Ng'ombe ndiye maziwa ya mtoto, mahari ya kijana na matibabu ya mzee.

Sheria ile ya 2009 yampa Waziri uwezo wa kuweka viwango vya kifuta jasho na kifuta machozi kwa waliopata hasara ya mazao, mifugo au maisha. Jina lenyewe laonyesha kuwa si fidia kamili. Hata hivyo, mama aliyeliwa ng'ombe wa maziwa usiku huu ana mtoto wa kumlisha kesho asubuhi. Pole ya serikali ikichelewa, sumu haichelewi. Nayo ikitiwa katika mzoga huua simba, fisi na tumbusi, na mbwa wa jirani pia.

Kwa hiyo yatupasa kuufuata mpango hadi zizini. Ua uwe imara, ndama waingizwe kabla ya jua kutua, na hasara iarifiwe mapema kwa mwenyekiti wa kijiji na Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Nayo serikali ilipe upesi, machozi yangalipo. Huko Arizona walidai mpango uandikwe. Wetu umekwisha kuandikwa. Tuulizane katika mikutano ya vijiji umetimizwa kwa kiasi gani.