Ukiuza tairi kwa neno "inadumu" peke yake, unamficha mteja

Mimi nipo Kasokola, hapa Mpanda. Nauza tairi za bodaboda na gari ndogo kupitia status ya WhatsApp na makundi ya Facebook. Leo nataka tuongelee neno tunalolipenda sana kwenye matangazo: "inadumu".

Msimu wa mvua uliopita niliposti tairi ya nyuma ya pikipiki, 3.00-17, nikaandika: "Haiishi! Utaichoka mwenyewe." Mzigo ukaisha ndani ya wiki. Baadaye kijana mmoja akanipigia. Aliteleza kwenye lami iliyolowa akiwa na abiria. Abiria alichubuka, yeye akavunjika mkono, wiki sita hajaingiza hata mia. Hakunitukana. Alisema tu, "Kaka, tairi yako bado mpya. Mimi ndiye niliyeisha."

Siwezi kuapa kwamba kosa lilikuwa la tairi peke yake. Ila iliniuma, kwa sababu tairi ilikuwa inadumu kweli. Nilichoficha ni kwa nini inadumu. Mpira mgumu haulikī upesi, lakini haushiki barabara vizuri, hasa ikilowa. Mpira laini unashika, ila kashata zinaisha mapema. Hata kwenye Formula One, Pirelli anapeleka tairi za njia kavu za aina tatu kila mbio: nyekundu laini, njano ya kati, nyeupe ngumu. Nyekundu inashika zaidi na inachoka haraka. Matajiri wale bado wanalazimika kuchagua, sembuse dereva wetu?

Kwa tairi za gari, soma ubavuni. Nyingi zina neno TREADWEAR na namba. Tairi ya kupimia imepewa 100, kwa hiyo 400 maana yake inategemewa kudumu mara nne yake. Tairi za spoti utakuta 200 au 300, za kawaida 400 kwenda juu. Kampuni inajipa namba yenyewe, kwa hiyo usiitumie kama mizani kati ya kampuni na kampuni. Pembeni kuna TRACTION: AA, A, B au C. Hiyo ni breki kwenye njia iliyolowa, siyo tope la kwetu. Tairi za pikipiki hazina alama hizi, hapo uliza madereva waliozitumia.

Angalia pia tarakimu nne za mwisho baada ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa lakini mpira umeshakauka. Kwenye picha inang'aa, kwenye mvua inateleza.

Sasa hivi nafanya hivi:

1. Kabla ya bei, nauliza: unapita lami au vumbi? Unabeba abiria au magunia? Mvua ikinyesha unapaki au unaendelea?
2. Napiga picha ya ubavu, siyo kashata tu.
3. Naandika pande zote mbili: "Inashika vizuri, italika mapema kuliko ngumu." Au: "Inadumu, kwenye mvua punguza mwendo."

Najua utasema, "Ukitaja ubaya wa bidhaa, mteja anahamia kwa jirani." Kweli, wengine wamehama. Lakini mpigie mteja hesabu. Chukua mfano: tairi ya 60,000 ikidumu miezi 12 ni 5,000 kwa mwezi. Laini ya 50,000 ikidumu miezi 8 ni 6,250. Tofauti ni 1,250 kwa mwezi. Ukimwekea hivyo, anaona mwenyewe kama hiyo hela inazidi wiki sita za kukaa nyumbani na mkono wa plasta. Akichagua ngumu, sawa, kachagua akijua.

Mtandaoni mteja haishiki tairi, haibonyezi kwa kucha. Anashika maneno yako tu. Ndiyo maana neno nusu ni sawa na kumuuzia kipara.

Yule kijana amerudi barabarani, na tairi nyingine alinunua kwangu. Sikumpa punguzo la kumfunga mdomo, nilimpa maelezo niliyopaswa kumpa mwanzoni.

Wewe unauza nini, na ni ubaya gani wa bidhaa yako hujawahi kuuandika kwenye tangazo? Weka kwenye komenti tujifunze.