Siri ya Kongo haikufichuliwa na Mzungu

Muulize mwalimu wa historia, muulize padri, muulize mwanafunzi yeyote hapa Kisangani: nani aliufichulia ulimwengu unyama wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji? Jibu ni lile lile, Morel na Casement. Mmoja alikuwa karani wa kampuni ya meli, akashtukia mahesabu ya shehena kule Antwerp. Mwingine alikuwa balozi mdogo wa Uingereza, akapanda mto mwaka 1903 na kurudi na ripoti. Katika simulizi hiyo sisi ni watu wa kukatwa mikono na kupigwa picha tu. Eti tulinyamaza mpaka Wazungu wawili walipotusemea.

Si kweli, na uongo huu unatuumiza hadi leo.

Shitaka la kwanza lililokamilika dhidi ya Leopold liliandikwa hapa hapa, kwenye maporomoko ya Boyoma, kituo kilipokuwa bado kinaitwa Stanley Falls. Barua ina tarehe ya 18 Julai 1890, na mwandishi wake ni mtu mweusi: George Washington Williams, Mmarekani, askari wa zamani, mchungaji na mwanahistoria. Mwaka mmoja kabla alikuwa amekutana na Leopold akavutiwa naye. Alikusudia kuwaajiri Wamarekani weusi waje kufanya kazi Kongo, lakini wanafunzi wa chuo cha Hampton walimuuliza maswali ambayo hakuwa na majibu yake. Akaamua kuja kujionea mwenyewe. Mfalme alijaribu kumkatisha tamaa asije; akaja.

Barua ile ni ya wazi na imeelekezwa kwa mfalme mwenyewe. Williams anamwambia kwamba kila shitaka amelichunguza, na kwamba ana mashahidi na nyaraka. Anaeleza wafungwa wa Serikali ya Leopold waliofungwa pamoja kwa minyororo ya ng'ombe shingoni, tena kwa makosa madogo kabisa, hadi chuma kinakula nyama na nzi wanazunguka vidonda. Anaeleza pia jinsi machifu walivyolaghaiwa: Mzungu alificha waya wa umeme chini ya koti, akimpa chifu mkono, chifu anatikiswa karibu aanguke, kisha anaambiwa hizo ndizo nguvu za ndugu yake mweupe. Kwa hila kama hizo ndivyo vijiji vilivyotolewa kwa mkataba. Williams alifariki Blackpool, Uingereza, mwezi Agosti 1891, akiwa na miaka 41.

Leo vijana wetu waliosoma watakutajia kambi za kazi za Stalin na baridi ya Siberia. Mnyororo alioueleza Williams hawaujui.

Na Casement? Katika safari yake ya 1903 hakufika kwenye maporomoko haya. Morel hakukanyaga Kongo maisha yake yote. Siwapunguzii sifa: bila kelele za Morel huko Liverpool na London, huenda Leopold asingelazimika kuiachia Kongo mwaka 1908. Lakini kelele hazina maana bila habari, na habari zilitoka kwa watu waliokuwa ndani ya nchi.

Mmoja wao ndiye hasa aliyefanya kazi ya upelelezi wa siri. Hezekiah Andrew Shanu, aliyetoka eneo la Lagos, aliishi Boma, makao makuu ya Serikali. Aliwahi kuwa mtumishi wa Serikali hiyo, kisha akawa mfanyabiashara na mpiga picha anayeheshimiwa na wakubwa. Akiwa katikati yao alimpelekea Morel kwa siri nyaraka za kesi ya Caudron, wakala wa mpira aliyehukumiwa kwa mauaji, kesi iliyoonyesha kwamba maofisa wa Serikali nao walishiriki. Alipogunduliwa, watumishi wa Serikali walikatazwa kununua kwake. Biashara ikafa. Mwezi Julai 1905 akajiua. Niambieni ni shule gani ya Kisangani inayofundisha jina lake.

Kisha kuna Lontulu, chifu wa Bolima, aliyesimama mbele ya tume ya uchunguzi ya mfalme. Aliweka vijiti 110 mezani, kila kijiti mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavigawa mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto. Akavitaja kimoja kimoja kwa jina la marehemu. Mtu wa namna hiyo hakunyamaza! Walionyamazisha ni wengine: tume ilichapisha ripoti yake mwaka 1905 bila maneno ya mashahidi, na maneno hayo yakafungiwa Brussels hadi miaka ya 1980.

Kwa nini nakasirika kwa mambo ya zamani hivyo? Kwa sababu tabia ile bado tunayo. Mama wa mtaa wa Mangobo hapa Kisangani akisimulia Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mitaani mwetu, anaambiwa hizo ni hadithi. Mgeni akiyaandika yale yale, yanakuwa ushahidi. Tumeiona gharama yake. Mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki nchi yetu iliidai Uganda zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 Uganda iliamriwa ilipe milioni 325, na fomu za wahanga tulizopeleka, mahakama ikaziona hazina uzito wa kutosha.

Waliozika watu wao mwaka 2000 bado wako hai Makiso, Tshopo, Kabondo na Lubunga. Chuo Kikuu cha Kisangani kina wanafunzi wa historia na wa sheria. Parokia zina vitabu vya vifo. Wanafunzi hao watumwe nyumba kwa nyumba, kila ushahidi uandikwe jina la marehemu, barabara, siku na saini ya aliyeshuhudia, na nakala moja ibaki hapa hapa mjini, chini ya ufunguo wetu wenyewe.