Apáthy na Nyuzi za Fahamu

Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye elimu husifiwa kwa sababu hakosei kamwe. Dhana hiyo si kweli, na habari za István Apáthy zatosha kuikanusha.

Apáthy alizaliwa mwaka 1863 katika mji wa Pest, nchi ya Hungaria, akawa mwalimu wa elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Kolozsvár. Alitaka kujua jinsi habari zipitavyo katika mishipa ya fahamu. Mtu achomwapo na mwiba mguuni, ubongo hupataje kujua? Hakuanza kwa mwanadamu, bali kwa ruba, yule mnyonya damu wa majini, kwa kuwa chembe zake za fahamu ni chache kuliko zetu, tena baadhi yake ni kubwa. Alikata vipande vyembamba mno, akavitia rangi kwa maji ya dhahabu, akavitazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Ndani ya chembe akaona nyuzi nyembamba sana, na mwaka 1897 akazitangaza pamoja na picha alizozichora.

Hata hapo alisema kweli. Lakini aliongeza neno la pili, kwamba nyuzi hizo hutoka chembe hata chembe pasipo kukatika, kama uzi upitao katika shanga. Mtaalamu wa Hispania, Santiago Ramón y Cajal, alikataa, akasema kila chembe ni peke yake. Mihály Lenhossék, Mhungaria aliyezaliwa Pest mwaka ule ule wa 1863, naye alikuwa upande wa Cajal. Apáthy alifariki mwaka 1922. Katika miaka ya 1950 darubini za elektroni zilionyesha mwanya mwembamba mno baina ya chembe na chembe. Cajal na Lenhossék ndio waliosema kweli.

Je, kazi ya Apáthy ilipotea bure? Hasha! Nyuzi alizoziona zimo ndani ya chembe hata leo. Cajal mwenyewe, alipotaka kuzichungua, mwaka 1903 alibuni njia mpya ya kuzitia rangi kwa fedha. Mpinzani hodari humfanya mwenziwe atazame vizuri zaidi.

Kosa la Apáthy ni moja: aliyoyaona kwa macho na aliyoyakisia moyoni aliyafunga katika mtumba mmoja. Mwanafunzi apandaye mbegu na kuzipima kila siku na ajihadhari na jambo hilo. Aandike kwanza alichokiona, kisha kando yake aandike anachokidhani. Hivyo dhana ikianguka, kazi yake husimama.

Wala asione haya kukosea. Aliyekosea kwa kutazama mwenyewe ana heshima kuliko aliyepata jibu kwa kunakili daftari la jirani, kwa maana wa kwanza aweza kusahihishwa, na wa pili hana la kusahihisha. Wazee walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani.