Busu Halijaua Komedi

Mashabiki wa komedi za runinga wana kauli moja wanayoitoa kwa uhakika wa shahidi aliyeona kwa macho yake: wale wawili wakishapatana, kipindi kimekwisha. Waacheni warushiane vijembe, watazamane kwa jicho la pembeni, wakaribie kuambiana ukweli kisha simu ilie. Wakibusiana tu na kuanza kuishi pamoja, utamu umekwenda. Kauli hii imesemwa kuhusu Jim na Pam wa The Office, kuhusu Niles na Daphne wa Frasier, na husemwa upya kila kapo mpya inapoanza kunukia kwenye skrini. Ajabu ni kwamba wanaoisema ni wale wale waliotumia miaka kuwaombea wawili hao wapatane. Waandishi wa vipindi nao wameimeza, na huko Marekani imepewa hata jina: laana ya Moonlighting. Ni imani ya uongo. Tena ni uongo uliowagharimu watazamaji hadithi nyingi nzuri ambazo hazikuandikwa kwa sababu ya woga tu.

Tuanze na maiti yenyewe inayodaiwa kuuawa na mapenzi. Moonlighting ilianza kurushwa na ABC mwaka 1985. Cybill Shepherd aliigiza Maddie Hayes, mwanamitindo aliyeibiwa mali yake akabakiwa na ofisi ya upelelezi. Bruce Willis, ambaye wakati huo hakuwa na jina lolote, alikuwa David Addison, mpelelezi mwenye mdomo usiokauka maneno. Misimu miwili na zaidi waligombana kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana kwenye runinga, na tarehe 31 Machi 1987, msimu wa tatu ukielekea ukingoni, wakalala pamoja. Mei 1989 kipindi kikafikia mwisho. Hesabu ya mashabiki inaanzia hapo na kuishia hapo: wamelala pamoja, kisha kipindi kimekufa, basi kulala pamoja ndiko kulikoua. Kwa hoja ya namna hiyo jogoo ndiye anayelileta jua.

Tazameni kilichotokea katikati ya tarehe hizo mbili. Msimu uliofuata usiku ule, kipindi kilibaki miongoni mwa ishirini vilivyotazamwa zaidi Marekani. Watazamaji hawakukimbia busu. Ila Shepherd alikuwa na mimba ya mapacha, akajifungua Oktoba 1987, na Willis akaenda kupiga Die Hard, filamu iliyomtoa kwenye runinga na kumfanya nyota wa dunia. Waandishi wakampeleka Maddie Chicago kwa wazazi wake na kumwacha David Los Angeles, kwa hiyo sehemu baada ya sehemu wawili ambao watu waliwafuata kwa ajili ya ugomvi wao hawakuwa hata katika chumba kimoja. Maddie aliporudi, alirudi ameolewa na mtu aliyekutana naye kwenye treni. Machi 1988 waandishi wa Marekani wakagoma, na mgomo ukaendelea hadi Agosti. Glenn Gordon Caron, aliyekibuni kipindi, akaondoka. Tangu kabla ya hayo yote kazi ilikuwa ikisuasua: wakati vipindi vingine vilitoa sehemu 22 hivi kwa msimu, Moonlighting ilitoa 15 katika msimu wa tatu na 14 katika wa nne, na ABC ikajaza mapengo kwa marudio. Daktari gani angeiangalia orodha hii ya magonjwa kisha aandike kwenye cheti kwamba mgonjwa amekufa kwa mapenzi? Kama kuna funzo la kapo hapo, ni kinyume cha lile linalohubiriwa. Maddie na David hawakupewa nafasi ya kuwa wapenzi. Waliunganishwa kwa muda mfupi, kisha wakatenganishwa kwa sehemu kubwa ya msimu, na watu wakachoka na kutenganishwa kwao.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba jibu la imani hii lilikuwa limekwisha kurushwa hewani kabla Moonlighting haijazaliwa. Cheers ya NBC ilianza 1982 ikiwa karibu na mkia wa orodha ya watazamaji. Sam Malone, mwenye baa aliyewahi kucheza besiboli, na Diane Chambers, msomi aliyejikuta akihudumia meza, walibusiana mwishoni mwa msimu wa kwanza kabisa. Msimu wote wa pili walikuwa wapenzi. Kipindi hakikufa. Kilipanda mwaka hadi mwaka, kikaingia kumi bora, na hata Shelley Long aliyemwigiza Diane alipoondoka mwaka 1987 kiliendelea kwa misimu sita zaidi, na katika mmoja wa misimu hiyo kikawa namba moja nchini. Kwa nini basi hakuna anayezungumza juu ya baraka ya Cheers? Nadhani ni kwa sababu kifo kina mvuto wa hadithi kuliko uzima: kipindi kilichoanguka kinatafutiwa mchawi, kilichosimama kinaachwa kisimame.

Kisha kuna Friends, ambayo mashabiki huitumia kama ngome yao. Ross na Rachel, wanatuambia, ndio waliotufunga kwenye viti miaka kumi, tangu 1994 hadi 2004, kwa sababu hawakutulia. Lakini ndani ya kipindi hicho hicho kuna kapo nyingine, na ndiyo inayowaumbua. Mei 1998, katika sehemu za London, Monica na Chandler walionekana kitanda kimoja. Waandishi walikuwa wamelipanga kama jambo la kupita. Ukumbi wa watazamaji ulipolipuka kwa kelele, wakaelewa kwamba wameokota dhahabu. Wawili hao hawakuachana tena. Wakajificha, wakagunduliwa, wakahamia pamoja, wakaoana mwaka 2001, wakahangaika kupata mtoto. Na msimu uliofuata harusi yao ndio Friends iliposhika namba moja kwa idadi ya watazamaji nchini Marekani. Nakubali kwamba msimu huo ulianza majuma machache tu baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, na watu walitamani sura walizozizoea. Nakubali pia kwamba mimba ya Rachel ilikuwa na mvuto wake. Sisemi harusi ndiyo iliyowaleta. Nasema haikuwafukuza, na hilo tu linatosha kuivunja kanuni inayodai kwamba lazima iwafukuze.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kuicheka kanuni hii, kwani komedi alizokulia nazo zingekuwa zimekufa siku ya kwanza. Katika Vitimbi ya KBC, Mzee Ojwang' na Mama Kayai walikuwa mume na mke tangu mtazamaji anawafahamu, na wako wengi waliodhani kwamba waigizaji wao, Benson Wanjau na Mary Khavere, wameoana kweli, jinsi walivyojua kugombana. Papa Shirandula ya Citizen iliota juu ya ndoa: bawabu aliyevaa suti ili mkewe Wilbroda aendelee kuamini kwamba ana kazi ya ofisini. Ondoa ndoa, na uongo ule hauna wa kumdanganya. Marehemu Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa, hakuhitaji kumwacha mtazamaji akijiuliza kama Papa atampata Wilbroda. Alikwisha kumpata, na shida zake zote zilianzia hapo. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba Mzee Ojwang' amepoteza utamu kwa kuwa hatongozi tena.

Watetezi wa imani hii watasema ninachanganya mambo. Kipindi kilichoanza na wanandoa, watasema, kina injini nyingine. Kile kilichojengwa juu ya hamu kinategemea swali la kama watapatana, na ukilijibu swali umezima injini. Hoja hii ina uzito kuliko zote, kwa hiyo tusiipite haraka. Swali la kama watapatana lina majibu mawili tu, ndiyo na hapana. Mwandishi anayelishikilia kwa miaka hana kitu kipya cha kusema juu yake. Ana vizuizi tu. Mwanzoni vizuizi hutoka katika tabia za wahusika: Sam ana kiburi, Diane ana dharau, na kila kizuizi kinatufundisha jambo kuwahusu. Baada ya misimu mitatu vizuizi huanza kutoka stoo. Anakuja mchumba asiye na sura, barua iliyopotea, kazi katika mji wa mbali. Ross alipotamka jina la Rachel mbele ya madhabahu huko London, akimwoa mwanamke mwingine, tulicheka, na tulistahili kucheka, maana lilikuwa kosa la Ross hasa na si la mtu mwingine yeyote. Miaka michache baadaye waandishi hao hao walikuwa wamefikia kumfanya rafiki yao Joey ampende Rachel, na mashabiki wengi wakakunja uso kwa sababu waliuona mkono wa fundi ukitafuta kizuizi kingine rafuni. Swali la wanaishije baada ya kupatana halina stoo inayoisha. Monica mpenda usafi na Chandler aliyezoea kujikinga kwa mizaha walikuwa na mambo ya kuambiana kila asubuhi.

Kuna kapo moja inayonipa taabu, na nitaitaja kabla wengine hawajanirushia. Niles wa Frasier alimpenda Daphne kimyakimya kwa misimu saba, na David Hyde Pierce aliigiza ukimya huo kwa namna ambayo hata kunusa kwake nywele za Daphne kulikuwa kichekesho kamili. Mwaka 2000 wakatoroka pamoja, na ni kweli kwamba kitu kilipungua. Niles alikuwa mhusika aliyejengwa kwa hamu tupu, na wahusika wa aina hiyo wapo. Hata hivyo itazameni misimu ile kwa makini. Jane Leeves, aliyemwigiza Daphne, alipopata mimba, waandishi waliificha kwa kumnenepesha Daphne, kisha wakampeleka mbali kupunguza uzito, yaani mara tu wapenzi walipopatana mmoja wao akaondolewa. Na walipoachwa pamoja, Niles na Daphne waliandikwa kama watu wenye adabu mno, kana kwamba kuoana ni kupewa ganzi. Yule Daphne aliyekuwa hajui kupendwa kwake alikuwa na ulimi mkali. Aliyejua akapokonywa ulimi. Hilo ni kosa la kalamu. Na kipindi, kwa kumbukumbu tu, kiliishi misimu minne baada ya hapo.

Kwa nini imani inadumu pamoja na ushahidi huu wote? Jibu moja liko kwenye biashara. Runinga ya Marekani mara nyingi haijui kipindi kitaisha lini. Kinaendelea hadi kituo kikifute, kwa hiyo swali lisilojibiwa ni njia rahisi ya kumrudisha mtazamaji baada ya likizo. Linganisha na The Office ya Uingereza, iliyokuwa na sehemu 14 tu kati ya 2001 na 2003. Tim na Dawn walibusiana mwishoni kabisa, katika sehemu maalumu ya Krismasi, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hadithi ilikuwa imefika. Toleo la Marekani lilidumu misimu tisa, na waandishi wake walikuwa na busara ya kutoisubirisha hamu ya sehemu 14 kwa sehemu mia mbili. Jim na Pam walikuwa wapenzi kuanzia msimu wa nne na wakaoana Niagara mwaka 2009. Wanaosema kipindi kiliharibika kwa ndoa hiyo husahau kwamba Steve Carell, aliyekuwa kitovu cha vichekesho vyote, aliondoka mwaka 2011. Tena mtu huyohuyo hulaumu ndoa kwa kudorora kwa kipindi, lakini hulaumu mgogoro wa ndoa pale waandishi walipojaribu kuuleta katika msimu wa mwisho. Hawezi kudai yote mawili.

Madhara ya kuiamini laana hii yanaonekana wazi zaidi katika How I Met Your Mother. Waandishi wake walipiga picha za watoto wa Ted, mhusika mkuu, kwa ajili ya tamati tangu 2006, wakijua kwamba mwishowe baba yao atamrudia Robin, mpenzi wake wa zamani. Kisha wakaandika miaka mingine minane, ambamo wahusika walikua, Robin akapatana na Barney, rafiki wa Ted, na karibu msimu wote wa tisa ukatumika kwenye siku chache za harusi yao. Katika sehemu ya mwisho, iliyorushwa tarehe 31 Machi 2014, ndoa hiyo ikavunjwa kwa dakika chache, mama wa watoto, ambaye jina la kipindi lilimsubiri miaka tisa, akazikwa kwa haraka, na Ted akarudishwa chini ya dirisha la Robin. Waandishi hawakuamini kwamba mwanamume na mwanamke waliokwisha kupatana wanaweza kuwa mwisho wa hadithi. Ilibidi pawepo mtu wa kutamaniwa tena. Mashabiki walikasirika hivi kwamba mwisho mwingine ukatolewa kwenye DVD, ambamo Ted anakutana na Tracy, yule mama wa watoto, chini ya mwavuli kituoni na hakuna anayekufa. Mwisho huo uliunganishwa hasa kutokana na picha zilizokwisha kupigwa. Ndoa iliyotulia ilikuwa imelala kwenye chumba cha uhariri muda wote, na ikahitaji hasira ya watazamaji, wale wale wanaoambiwa kwamba hawaivumilii, ili itolewe.