Lainibeka bora wa vyuo vikuu vya Marekani: kwa nini mwili mkubwa hautoshi

Mwezi uliopita msikilizaji wetu mmoja, mzee mwenye shamba la mahindi na kijana wa miaka 17, alitutumia ujumbe wa sauti. Kijana wake ni mrefu, ana kifua, na pale kijijini hakuna rika lake anayeweza kumwangusha chini. Kuna mtu amewapigia simu akisema anaweza kumpeleka Marekani akasome chuo kikuu bure, huku akicheza mpira wa Kimarekani katika nafasi inayoitwa lainibeka. Ila kwanza itumwe ada ya usajili. Mzee alituuliza mambo mawili: hiyo lainibeka ni kitu gani, na je, mwili wa mwanawe unatosha?

Hewani tulimjibu kwa kifupi. Tangu siku ile tumepata ujumbe mwingine wa aina hiyo, kwa hiyo hapa tunaeleza kwa kirefu.

Mpira wa Kimarekani unachezwa zaidi kwa mikono, na mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama yai. Timu ni 11 kwa 11. Timu inayoshambulia inapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Kiongozi wa mashambulizi anaitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira jaribio linapoanza, kisha ama anamkabidhi mkimbiaji aliye karibu naye, ama anaurusha kwa mwenzake aliye mbali.

Upande wa ulinzi, mbele wanasimama wazito wanaosukumana na wazito wenzao. Nyuma kabisa wapo wepesi wanaowafuata wapokeaji wa pasi. Lainibeka anasimama katikati ya makundi hayo mawili. Ukitaka kumwelewa haraka, mfikirie kiungo mkabaji, ile namba sita ya soka letu. Akikosea yeye, timu nzima inakuwa wazi. Mkimbiaji akipenya ukuta wa mbele, ni kazi yake kumwangusha. Pasi ikirushwa fupi katikati ya uwanja, ni kazi yake kuizuia. Na mara nyingine kocha anamtuma akamvamie kwotabeki mwenyewe.

Kazi hizo zinagongana. Ili kumzuia mkimbiaji inabidi akimbie mbele, na ili kuzuia pasi inabidi arudi nyuma. Hawezi kufanya yote mawili, na muda wa kuamua ni chini ya sekunde moja. Wapinzani wanalijua hilo, ndiyo maana kwotabeki hujifanya anampa mkimbiaji mpira, kumbe ameubakiza mkononi. Lainibeka akidanganyika na kupiga hatua mbili mbele, nyuma yake pameachwa uwanja wa mtu kupokea pasi bila bughudha.

Kwa hiyo mzuri huwa hautazami mpira. Anawatazama wale wazito wa mbele wa timu pinzani, hasa miguu na mabega yao. Mzito akivamia mbele kwa nguvu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mpira unakimbizwa. Akirudi nyuma na kujiinua, inakuja pasi. Wazito hao hawaruhusiwi kwenda mbali mbele wakati wa pasi, kwa hiyo wao ni vigumu kudanganya kuliko kwotabeki. Kusoma alama hizo kunachukua miaka, kuanzia mashindano ya sekondari, pamoja na saa nyingi za kutazama video za wapinzani.

Mfano wa karibuni ni Jacob Rodriguez wa chuo kikuu cha Texas Tech. Alianza chuo kikuu akiwa kwotabeki huko Virginia, akahama na kugeuzwa lainibeka. Msimu wa 2025 aliwafanya wapinzani waangushe mpira mara 7, timu yake ikatwaa ubingwa wa ligi ya Big 12 kwa mara ya kwanza, na yeye akapewa tuzo ya Butkus. Hiyo ni tuzo ya lainibeka bora wa vyuo vikuu, iliyoanza 1985 na kupewa jina la Dick Butkus, mkali wa enzi za 1960. Sisi hatuoni ajabu kwamba aliyewahi kuwa kwotabeki amekuwa hodari wa kuwazuia makwotabeki. Njama zao anazifahamu kutoka ndani.

Mwingine ni Luke Kuechly, aliyechezea Boston College. Mwaka 2011 aliangusha wapinzani mara 191. Idadi kubwa namna hiyo inamaanisha kwamba jaribio baada ya jaribio alikuwa ameshafika mahali mpira ulipokuwa unaelekea. Lakini msiitegemee idadi peke yake. Anayemwangusha mkimbiaji baada ya hatua moja na anayemwangusha baada ya mita nane wote wanahesabiwa moja, na kocha anajua tofauti yao.

Hata uzito si kigezo kama zamani. Zamani lainibeka alitakiwa awe pande la mtu, kwa kuwa mpira ulikimbizwa zaidi katikati. Siku hizi timu zinatandaza wachezaji uwanja mzima na kurusha pasi nyingi, na pande la mtu asiye na mbio anageuzwa uchochoro. Jeremiah Owusu-Koramoah, kijana wa asili ya Ghana aliyezaliwa Marekani, alishinda tuzo ya Butkus mwaka 2020 akiwa chuo kikuu cha Notre Dame, na alikuwa na uzito chini ya kilo 100. Kwa nafasi hiyo, huyo ni mwembamba. Kilichombeba ni mbio na macho.

Jambo jingine lililotufurahisha sisi watu wa redio: tangu 2024 vyuo vikuu vya daraja la juu vimeruhusiwa kuweka redio ndogo ndani ya kofia ya mchezaji mmoja wa ulinzi. Mara nyingi huwa ni lainibeka. Kocha anazungumza naye, naye anawatangazia wenzake wapange vipi. Lakini zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mchezo, mawasiliano yanakatwa. Wapinzani wakibadili mpango baada ya hapo, hakuna wa kumuuliza. Analazimika kupaza sauti mwenyewe, awahamishe wenzake, na awe sahihi.

Sasa turudi kwa kijana wa mzee wetu. Yupo Mwafrika Mashariki aliyepita njia inayofanana na hiyo. Daniel Adongo, Mkenya, alikuwa mchezaji wa raga mwenye mwili na mbio. Mwaka 2013 timu ya kulipwa ya Indianapolis Colts ilimsajili moja kwa moja kuwa lainibeka, bila kupitia chuo kikuu, na akawa Mkenya wa kwanza kwenye ligi ya NFL. Alicheza mechi chache tu, na safari ikaishia hapo. Huyo alikuwa mwanamichezo wa kulipwa, mtu mzima aliyezoea kukumbana. Kilichomkosa ni ile miaka ya kusoma mchezo.

Mlinganishe na Ezekiel Ansah wa Ghana. Alikwenda kusoma chuo kikuu cha Brigham Young, akajiunga na timu mwaka 2010 bila kuwahi kucheza, na mwaka 2013 alichaguliwa wa tano kwa wote walioingia NFL. Tofauti ni kwamba Ansah aliwekwa kwenye ukuta wa mbele, ambako kwa sehemu kubwa kazi ni kumshinda mtu mmoja aliye mbele yako. Huko mgeni mwenye nguvu anaweza kujifunza akiwa mkubwa. Kwa hiyo mtu anapoahidi nafasi ya lainibeka kwa kijana ambaye hajawahi kushika mpira huo, sisi tunapata wasiwasi na nafasi aliyoitaja, kabla hata hatujafika kwenye ada.

Fedha nazo zimebadili mambo. Tangu Julai 2025 vyuo vikuu vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, na kwa mwaka wa kwanza chuo kimoja kingeweza kutoa hadi dola milioni 20.5 hivi kwa michezo yote. Wachezaji nao wanahama chuo hadi chuo kwa urahisi kuliko zamani. Kocha mwenye fedha hizo ananunua mtu aliyeiva. Hana sababu ya kumlea mtoto wa watu kwa miaka minne, akishaiva achukuliwe na jirani. Na mgeni mwenye viza ya masomo anabanwa na masharti ya kazi, kwa hiyo hata malipo hayo hayamfikii kirahisi kama mwenzake Mmarekani.

Tusisahau mwili wenyewe. Lainibeka anagongana karibu kila jaribio, tena mara nyingi akiwa kasini. Kuechly, ambaye baadaye alikuwa nyota wa kulipwa, aliacha mchezo Januari 2020 akiwa na miaka 28, baada ya kuumia kichwa zaidi ya mara moja. Owusu-Koramoah aliumia shingo Oktoba 2024 alipokuwa akimwangusha mkimbiaji, na msimu wote wa 2025 hakucheza. Hao ni watu waliofundishwa namna ya kugongana tangu utotoni.

Nafasi za kweli zipo. NFL yenyewe imewahi kuendesha kambi Nairobi mwaka 2023, wakapimwa vijana hadharani. Na chuo kikuu kinachompa mtu ufadhili wa michezo ndicho kinachogharamia, kwa barua yenye jina la chuo na la kocha.

Mzee wetu tulimshauri asitume chochote kwanza, ila amwombe yule mtu vitu viwili: jina la chuo, na jina la kocha aliyetazama video ya kijana. Aliuliza siku hiyohiyo jioni. Akajibiwa kwamba majina hutolewa baada ya malipo, na kwamba nafasi zimebaki mbili.