Chati zimejaa ukutani, lakini mtoto ameongea muda gani?

Ingia darasa la awali au la kwanza kwenye shule ya msingi ya serikali Tanzania, na mara nyingi kitakachokupokea ni ukuta. Silabi, namba, picha za wanyama, vyote vimechorwa kwenye manila au viroba vilivyopasuliwa. Vingine vinaning'inia kwenye kamba. Walimu huliita darasa linaloongea.

Ukuta unaongea, ni kweli. Swali ni kama mtoto naye anaongea.

Piga hesabu. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30, na mwongozo wa serikali kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Hata mwalimu akinyamaza kipindi kizima, kila mtoto anapata sekunde 40. Wakiwa 90, hali isiyo ngeni tangu elimu bila ada ianze 2016 na uandikishaji ukapaa, zinabaki sekunde 20. Na mwalimu hawezi kunyamaza kipindi kizima.

Kinachojaza pengo ni kuitikia kwa pamoja: "ba, be, bi, bo, bu". Sauti inafika hadi barabarani, lakini mtoto anaweza kurudi nyumbani bila kutunga sentensi yake mwenyewe hata moja.

Kiswahili kinaficha tatizo

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishashika silabi anateleza aya nzima bila kukwama, na mgeni anapiga makofi. Sasa muulize: aliyekwenda sokoni ni nani, na alinunua nini? Kimya. Alikuwa anatamka tu.

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2022 kwamba karibu watoto 9 kati ya 10 wa miaka 10 Afrika Kusini mwa Sahara hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi. Neno zito hapo ni kuelewa.

Kwa mtoto wa Dar es Salaam, Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Kwa aliyelelewa kwa Kisukuma kijijini Simiyu, au kwa Kiiraqw kule Manyara, huenda Kiswahili anakianza vizuri akifika shuleni. Huyu akionyeshwa neno "kikombe" chini ya picha atalikariri. Atakapolazimika kumwomba mwenzake kikombe, ndipo neno litakuwa lake.

Dakika mbili za wawiliwawili

Dawa yake haihitaji bajeti kubwa. Mwalimu akisema "mgeukie jirani yako, mwambie ulichofanya jana jioni", kwa dakika mbili tu kila mtoto anaongea dakika nzima. Hiyo inapita zile sekunde 40, hata darasa likiwa na watoto 90. Anayekijua Kiswahili akikaa na anayekianza, somo linaenda lenyewe. Kona ya duka yenye chupa tupu na noti za karatasi inazaa maneno ya kupatana bei. Vitendawili navyo vipo, na mtoto anayetega lazima aongee.

Hata swali lina uzito. "Tumeelewana?" linajibiwa "Ndiyooo" na darasa zima, wakiwemo waliosinzia. "Unadhani kwa nini sungura alikimbia?" halina jibu la kuitikia.

Kizuizi kikubwa, pengine kuliko uhaba wa vifaa, ni kelele. Watoto 90 wakiongea kwa wakati mmoja, anayepita dirishani anaona mwalimu amezidiwa. Darasa lililotulia bado linahesabika kuwa darasa zuri, ingawa mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unadai umahiri, yaani mtoto aweze kutumia anachojifunza.

Chati ni rahisi kukagua: unasimama mlangoni, unazihesabu, unaondoka. Kujua kama watoto wanaongea inabidi mtu akae dawati la nyuma, asikilize kipindi chote.